Mwaka wa pili takwimu, sijui nikimaliza nitakuwa nani. Naombeni mawazo

binti_wa_mbozi

Habari za jioni wakuu, shikamooni kwa wanaostahili.

Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili nasoma takwimu chuo kimoja hapa Dar. Advance nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu) nikapata division two ya 11, kwenye kuomba chuo niliweka uhasibu wa kwanza, uchumi wa pili, takwimu nilijazia tu kwa sababu kaka aliniambia usiache nafasi wazi, na ndo nikachaguliwa hiyo hiyo niliyojazia. Nikasema poa, mkopo upo, twende.

Sa shida yangu siyo kwamba naichukia kozi. Mwaka wa kwanza nilisapu linear algebra, yaani nilifeli nikarudia mtihani, nikaitoa, zingine zinaenda, GPA yangu ni 3.6. Shida ni kwamba ukiniuliza mtakwimu akifika ofisini saa mbili asubuhi anafungua nini kwanza, mimi sijui. Darasani tunathibitisha mafomula ubaoni mpaka mkono wa lekchara unakuwa mweupe, lakini sijawahi kumwona kwa macho mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Kwetu Mbozi naowajua wana kazi ni walimu, manesi, bwana shamba na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayepima kahawa ya baba.

Na kila mtu ana lake. Kaka anasema nikimaliza nianze CPA, ile mitihani ya bodi ya wahasibu, maana wahasibu hawafi njaa. Baba anasema ualimu, mwalimu wa hesabu hakosi shule. Darasani kwetu wote wanaimba data science, ukiwauliza ni nini wanakutumia link ya YouTube. Rumeti wangu anasema niache kujitesa nifungue saluni kwa sababu nasuka. Ni kweli nasuka hapa hosteli, rasta za kawaida 20,000, knotless 30,000, mwezi mzuri napata hela kuliko bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, la 10,000 kwa siku na ndo nalipia kodi na kumtumia mdogo wangu ada.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, inakuja mwezi wa saba na fomu inatakiwa ndani ya wiki mbili hizi, sijui nikaombe wapi. Wengine wananiambia nibadili kozi kabisa nianze uhasibu mwakani. Kuna muda nalala naota nimemaliza chuo nimevaa joho halafu nimesimama tu stendi ya Magufuli sijui nipande basi gani. Mwenye mawazo anisaidie, matusi siyataki.

Chizi wa Kimara

Fungua saluni dogo. Digrii mtaani zipo mpaka kwenye bajaji, juzi dereva wangu kanifafanulia sababu za mfumuko wa bei vizuri kuliko taarifa ya habari, kumbe ana digrii ya uchumi.

binti_wa_mbozi

Hahaha kaka nimecheka ila hujanisaidia. Saluni ya fremu inataka kodi ya miezi sita mbele, mimi mtaji wangu ni mikono na kitana.

karani_mstaafu

Mdogo wangu hilo swali lako la mtu anafungua nini saa mbili asubuhi ndo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuona watoto wa chuo wakiuliza, wengi wanauliza mshahara. Ngoja nikujibu kama lilivyo maana mimi nimesoma takwimu hiyo hiyo, nimemaliza 2020.

Nilipomaliza nilikaa nyumbani Ifakara karibia miaka miwili nauza mchele. Halafu ikaja sensa ya 2022, nikaomba ukarani nikapata. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ya takwimu sikufungua kompyuta, nilifungua mlango wa geti la mtu. Unavaa reflekta, una kishikwambi mkononi, mwenyekiti wa kitongoji yuko pembeni, unamuuliza mkuu wa kaya nani wote walilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Unaona ni swali rahisi eh? Nenda sasa kwenye nyumba yenye wapangaji kumi na moja halafu mmoja ni mlinzi wa usiku. Hakulala hapo, lakini hakulala popote.

Na umri. Nilikutana na bibi mmoja nikamuuliza umri akasema andika wowote mjukuu wangu. Huandiki wowote, tulifundishwa kutumia matukio: bibi wakati wa uhuru ulikuwa umeshaolewa? Wakati wa vijiji vya ujamaa, ile 1974 watu walipohamishwa, mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Vita vya Kagera je? Tulikaa na yule bibi nusu saa kwenye mkeka tukatoka na 79. Sa pembeni yake kuna kaya thelathini ambazo mtu anajibu harakaharaka, nina 40, mke 35, na karani mvivu anaandika. Ndo maana data ya umri ikiwa mbichi ukiichora unaona vichuguu, 30 imepanda, 31 imeshuka, 35 imepanda, 40 imepanda, kana kwamba Watanzania tunazaliwa kila baada ya miaka mitano. Siku nimechora ile grafu mwenyewe kwenye laptopu ndo nikaelewa lekchara wangu alikuwa anaongelea nini mwaka wa pili. Demografia niliipata C mimi!

Tulitoka na watu 61,741,120 nchi nzima, na mpaka leo nikiiona hiyo namba mahali namuona yule bibi mle ndani. Vishikwambi baadaye vikaenda kwa walimu, changu sijui kiko shule gani, natumaini hakitumiki kucheza karata.

Baada ya hapo nikawa nazunguka na tafiti za watu, siku ishirini huku, mwezi kule, unalipwa kwa siku. Kisha nikapata nafasi mradi wa UKIMWI, ofisa data. Hapo ndo sasa nilikuwa nafungua kompyuta saa mbili, nafungua database ya CTC, kliniki za wanaotumia dawa za UKIMWI, naangalia waliotakiwa kuja kuchukua dawa wiki iliyopita wakaja wangapi, halafu nakutana na mteja aliyezaliwa 1900, mwanaume aliyeandikwa mjamzito, kijiji kimoja kimeandikwa kwa tahajia nne. Nampigia nesi wa kituo, dada naomba uniangalizie kadi namba fulani. Kazi kubwa ya takwimu ni simu kama hiyo, nakuambia ukweli. Hizo modeli mnazofundishwa zinakuja mwishoni kabisa, na kuna wiki haziji.

Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada, mradi wetu ulikuwa hela zao, tukaambiwa tuwe nyumbani na baadaye barua ikaja. Sikulaumu mtu ila nilijifunza kuuliza mshahara unatoka mfuko gani kabla ya kuuliza ni kiasi gani. Wewe pia ukisikia M&E, ile ya kufuatilia miradi na kuitathmini, ni kazi nzuri naipenda lakini jua mingi ya hiyo miradi inategemea wafadhili.

Saivi niko taasisi ya mikopo midogo. Saa mbili nafungua orodha ya waliochelewesha rejesho, siku moja, siku saba, siku thelathini. Ni jedwali la watu vile vile, zamani lilikuwa la dawa sasa ni la madeni, na vilevile napiga simu, mama mbona rejesho, ananiambia mvua imeharibu nyanya. Hapo inabidi ujue kama ni yeye tu au kata nzima nyanya zimeharibika, kwa sababu kama ni kata nzima bosi anatakiwa ajue leo siyo mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo usiniulize kama utaipenda. Nenda kakae karibu na mtu anayeifanya wiki nane za fildi ndo utajua.

binti_wa_mbozi

Kaka karani asante sana aisee, nimesoma mara mbili. Hapo kwenye vichuguu tulifundishwa semista hii hii, kuna kipimo tulikariri kinaitwa Whipple, na mimi nikakiandika kwenye mtihani bila kujua kinapima uvivu wa makarani 😂

karani_mstaafu

Uvivu wa makarani na kusahau kwa watu. Gawa nusu kwa nusu usituonee.

Auntie Ledger

Mwanangu mimi ni mhasibu, CPA ninayo, na nimekaa kwenye hii kazi miaka kumi na sita kwa hiyo nikujibu upande wa kaka yako.

Saa mbili nafungua benki onlaini. Naangalia hela iliyoingia jana na iliyotoka, nalinganisha na vitabu vyetu, kila shilingi lazima ipate mwenyewe. Kuna siku 11,800 imekosa mwenyewe na tunaitafuta mpaka saa nane mchana watu wazima watatu, siyo kwamba ni nyingi ila isipopatikana leo kesho inakuwa mbili. Tarehe 7 PAYE, kodi ya mishahara, tarehe 20 VAT, ukichelewa TRA wana faini yao, mkaguzi anakuja anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ya mafuta ya gari ya miezi tisa iliyopita. Mwisho wa mwezi watoto wangu wanajua mama harudi mapema. Mimi naipenda. Nikikuta mizani imekaa sawa nasikia raha kama mtu aliyemaliza kupiga pasi nguo za wiki nzima. Lakini kuna niliosoma nao ambao hiyo hali inawaumiza kichwa kweli kweli na wako humo kwa sababu kaka zao walisema wahasibu hawafi njaa.

Kuhusu CPA, mtu wa takwimu anaruhusiwa, hulazimiki kurudi kusoma digrii ya uhasibu. Isipokuwa unaanzia ngazi ya chini kuliko aliyesoma uhasibu, masomo yanakuwa mengi zaidi, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, kwa hiyo ukianguka moja unasubiri nusu mwaka. Nimeona watu wamemaliza kwa miaka miwili na nimeona mtu mmoja amemaliza mwaka wa nane, mtoto aliyekuwa tumboni akiwa darasa la pili. Ndo nasema kubadili kozi saivi ili ufike CPA ni kuzunguka mlima ambao una njia katikati.

Halafu mwanangu, ofisi yetu tunawalilia sana watu wanaojua namba na wanaweza kuzielezea kwa mtu asiyejua namba. Wahasibu wengi hatuwezi. Bosi anauliza kwa nini mauzo ya Mwanza yameshuka, sisi tunampa jedwali lenye mistari mia mbili.

sapu_ya_tatu

Naongezea kwenye kubadili kozi kwa sababu mimi nimepita huko na hakuna aliyeniambia.

Nilianza uhandisi, siyo kwamba niliupenda, PCM ilikuwa imekaa vizuri na mzee alishawaambia watu kijijini mwanangu injinia. Mwaka wa pili nikadisko, nikaondolewa chuo kwa kufeli. Nikakaa nje mwaka, nikaomba upya chuo kingine manunuzi na ugavi, nikaanza mwaka wa kwanza na watoto wananiita bro kwa heshima mpaka nikawa najisikia vibaya. Nimemaliza, kazi ninayo, namshukuru Mungu. Ila sikiliza hesabu yake. Deni la bodi ya mikopo la ile miaka miwili ya uhandisi halikufutika, lipo, linasoma kwenye jina langu na nalilipa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama mtu yeyote. Mara ya pili mkopo sikupata, mama aliuza kiwanja.

Mwaka wa kwanza zile wiki za mwanzo kubadili kozi ndani ya chuo inawezekana kama sifa unazo na nafasi ipo. Mwaka wa pili tayari mara nyingi maana yake ni kuanza moja. Kabla hujasikiliza yeyote humu nikiwemo mimi, nenda dawati la mikopo hapo chuoni kwenu uulize kwa mdomo wako nikianza upya mwakani miaka ile inalipwa na nani. Uliza wakuonyeshe maandishi. Usiridhike na mtu wa dirishani anayekujibu huku anakula karanga.

Na wewe GPA 3.6 umebaki na mwaka mmoja na kitu unataka kukimbia nini? Mimi nilikimbia kwa sababu nilikuwa nazama.

Mwl wa Pembeni

Baba yako yuko sahihi nusu, binti.

Mimi nafundisha hesabu sekondari ya kata. Saa mbili? Saa mbili mimi nimeshafungua daftari la mahudhurio zamani, niko kipindi cha pili, darasa lina watoto 94 na vitabu vya kugawana watano watano, nimeandika kipeo cha pili ubaoni na nyuma kule kuna mtoto anauliza hiyo ni mbili au ni z. Nikitoka hapo nina madaftari 94 na ukisahihisha kwa dakika moja moja tu ni saa moja na nusu imekwenda, na mwalimu wa zamu ni mimi. Kuna siku mtoto mmoja anaelewa kitu hapo hapo mbele yako, macho yanabadilika kabisa. Siku hiyo hata chumvi ya mboga ikizidi huisikii.

Nusu ambayo siyo sahihi ni hiyo ya kukosa shule. Shule zinatuhitaji kweli, lakini kuhitajika na kuajiriwa ni vitu viwili, nafasi zikitangazwa kwenye Ajira Portal wanaoomba ni wengi mno na wenzangu wapo wanaojitolea mwaka wa tatu wanalipwa hela ya sabuni na michango ya wazazi. Pia kwa digrii yako hiyo huna ualimu ndani yake, itabidi usome stashahada ya uzamili ya elimu mwaka mmoja ndo uwe mwalimu kamili. Sikukatazi. Ila mlango huo haufungwi, unaweza kuja hata ukiwa na miaka 30. Usije kwa kukosa pengine, tunao wengi wa hivyo na watoto wanawajua kwa majina ya utani.

Chizi wa Kimara

Mwalimu umeandika vizuri mpaka nimemkumbuka wa kwangu aliyenichapa kwa sababu ya hiyo hiyo mbili na z.

Ila jamani data science mbona hamuisemi? Mtoto asome Python miezi mitatu apige hela za Wazungu akiwa kitandani.

karani_mstaafu

Chizi, miezi mitatu unajifunza kuandika programu inayosema hello. Sikatai, asome, Python au R mojawapo na Excel aijue kisawasawa kabla ya zote maana Excel ndo ofisi nyingi hapa zinaishi. Lakini hao wa YouTube wanafundishia data ambayo mtu mwingine ameshaisafisha, meli iliyozama zamani na maua ya aina tatu. Data ya kwetu inakuja kwa WhatsApp imepigwa picha daftari, kidole cha aliyepiga kimeziba safu ya mwisho.

Binti, naomba nikuulize kitu tofauti. Hiyo ya kusuka, umesema mwezi mzuri. Mwezi mzuri ni upi na umejuaje?

binti_wa_mbozi

Kaka nina daftari. Tangu mwaka wa kwanza naandika kila kichwa, tarehe, mtindo, rasta pakti ngapi, masaa mangapi, kalipa ngapi na anayedaiwa nambandika nyota 😅. Nilianza kwa sababu kuna dada alinikana deni mbele za watu.

Sasa baada ya muda nikaona wiki bumu likiingia vichwa vinapanda, naweza kusuka kumi na mbili kwa wiki hiyo, halafu wiki ya tatu wanashuka mpaka wawili. Wiki mbili kabla ya mitihani hakuna mtu kabisa, ila siku mbili baada ya mtihani wa mwisho wote wanataka kusafiri wamependeza. Kwa hiyo rasta nanunua Kariakoo kwa jumla kabla bumu halijaingia maana likishaingia na wenyewe wanapandisha bei. Knotless inalipa 30,000 ila inakula masaa saba, rasta za kawaida masaa manne 20,000, kwa hiyo ukigawa kwa saa za kawaida ndo zinalipa zaidi kidogo na migongo haiumi. Nimewaambia wateja knotless Jumapili tu.

karani_mstaafu

Nyie wengine mmesoma alichoandika? Mimi ofisini nina mtu ana masters hajawahi kugawa chochote kwa saa.

Auntie Ledger

Nimesoma nikarudia. Anamzidi msaidizi wangu wa stoo.

Chizi wa Kimara

Mnamdanganya mtoto. Akienda intavyuu ya benki aseme ana daftari la rasta watamsindikiza mpaka getini. Anayeajiriwa ni mwenye mjomba.

sapu_ya_tatu

Mjomba yupo, hatukatai, mimi mwenyewe kazi ya kwanza niliunganishwa na shemeji. Lakini shemeji aliniingiza mlangoni tu, wiki ya pili bosi alinipa mafaili ya wazabuni nichambue bei na shemeji hakuwepo.

karani_mstaafu

Chizi hujakosea kabisa, hilo daftari siyo cheti. Mimi simwambii aende nalo benki. Namwambia lile alilouliza juu kabisa, mtakwimu anafungua nini saa mbili asubuhi, yeye tayari analifungua saa mbili usiku akimaliza kusuka na hakuna aliyemtuma. Angekuwa anasuka tu bila kuandika ningesema sawa, ni fundi wa nywele, aende saluni na Mungu ambariki. Huyu anasuka na mikono halafu raha yake iko kwenye daftari. Angalia alivyoandika, kusuka kamaliza kwa mistari miwili, daftari kaandika mpaka basi.

Inawezekana nakosea, simjui. Ndo maana narudi kwenye fildi. Usiende mahali utakaa wiki nane unatoa fotokopi. Wenzako watakimbilia makao makuu ya taasisi kubwa hapa Dar na Dodoma kwa sababu ya jina kwenye barua, wanafika wako arobaini kwenye chumba kimoja wanachezea simu. Nenda halmashauri. Kila halmashauri ina watu wa mipango na takwimu, wako wachache, wana kazi nyingi, na wakipata mtoto anayejua Excel wanamkumbatia. Utapewa takwimu za mazao, za shule, za zahanati, utapelekwa kata moja moja kwa pikipiki. Baada ya wiki nane utajua kama hiki kitu unakipenda au ulikuwa unapenda daftari lako tu.

binti_wa_mbozi

Kwetu halmashauri iko Vwawa, kutoka nyumbani ni nauli ya 1,500. Ningekaa nyumbani nisilipe kodi. Ila naogopa wenzangu watanicheka narudi kijijini wao wako Posta.

Auntie Ledger

Acha wacheke. Hela ya fildi utaila na mama yako.

Mwl wa Pembeni

Na ukiwa huko, kahawa. Bwana shamba na karani wa AMCOS wana namba za miaka na miaka za kilo kwa mkulima, zimelala kwenye madaftari ya jalada gumu kabatini. Mtu wa takwimu wa kwanza kuyafungua yale ana ripoti yake ya fildi na pengine ripoti ya mwaka wa tatu humo humo. Baba yako mwenyewe atakusaidia kuelewa kwa nini mwaka fulani zilishuka.

binti_wa_mbozi

Mwalimu hapo umenigusa, yani karani wa AMCOS ni jirani yetu kabisa, tangu mdogo naona lile kabati na sijawahi kuwaza kuna nini.

Bado sijasema nitakuwa nani maana kiukweli bado sijui, na CPA sijaifuta, nitaangalia nikifika mwaka wa tatu. Kubadili kozi ndo nimeacha, leo nimepita dawati la mikopo nikauliza kama sapu_ya_tatu alivyosema, majibu niliyopewa yametosha, hakuwa anakula karanga ila alikuwa anachat.

Swali la mwisho, barua ya kuomba fildi naandika kwa nani, kwa mtakwimu mwenyewe au kwa mkuu wa wilaya?

karani_mstaafu

Mkuu wa wilaya hapana. Andika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, chini ya salamu weka yah: maombi ya nafasi ya mafunzo kwa vitendo, taja kozi, mwaka, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na useme unaomba kitengo kinachoshughulika na takwimu, usipotaja watakupeleka masjala. Ambatanisha barua ya chuo. Halafu usiitume ukakaa, tafuta mtu wa nyumbani aipeleke kwa mkono na aombe kopi igongwe muhuri wa kupokelewa.

binti_wa_mbozi

Baba anaenda Vwawa Jumatano mnadani, nitamtumia aprinti stationery pale stendi. Asanteni sana wote, hata wewe Chizi. Naenda kulala kesho nina vichwa viwili, bumu limeingia leo.

Chizi wa Kimara

Mdogo wangu wa kike yuko hosteli za huko huko anatafuta msusi, kawaida 20,000 haipungui?

binti_wa_mbozi

Wiki ya bumu haipungui. Mwambie aje wiki ya tatu.